Soya isiishie shambani

Bandugu, sisi wa agronomia tunafundisha watu kulima soya, kisha somo linaishia kwenye mavuno. Mbegu zinatafitiwa pale INERA Mulungu, si mbali na sisi, lakini mama akiona uji unanuka na watoto wanaukataa, mwaka kesho hapandi tena. Ndiyo maana hapa Katana ninafundisha watu wazima kupika, kwangu nyumbani.

Soya kavu iko na proteini karibu asilimia 36, maharagi karibu 22. Lakini soya mbichi iko pia na kitu kinachozuia tumbo kusaga ile proteini. Moto ndio unakivunja. Ile harufu nayo inatokea ukiisaga mbichi na maji baridi. Kwa hiyo chemsha maji kwanza, mimina soya ndani, iache itokote dakika 30, toa maganda, anika mpaka ikauke kabisa, kaanga kidogo, ndipo uipeleke mashini.

Ninaalika watu sita tu, wanaume pia, maana mara nyingi wao ndio wanashika feza ya mbegu. Kila mtu analeta kikombe cha soya na kuni kidogo. Hakuna ubao: kila mtu anashika mwiko. Mwishoni tunakunywa pamoja uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama.

Usingoje mradi, ndugu. Sufuria moja na majirani wawili, unaweza kuanza juma hili.