Fahamu: Kwa nini ombi lako la Go "limefungwa" GitHub ilhali limekubaliwa

Umetuma marekebisho ya lugha ya programu ya Go kupitia GitHub, kisha unakuta ombi lako (pull request) limefungwa. Usinune bado, huenda yamepokelewa.

GitHub ina nakala tu ya msimbo wa Go. Ghala lenyewe la msimbo liko kwenye seva za Google, na ukaguzi hufanyika katika mfumo uitwao Gerrit. Katikati ipo GerritBot, programu inayobeba ombi lako kutoka GitHub hadi Gerrit. Kichwa na maelezo uliyoandika ndiyo yanayogeuka kumbukumbu ya badiliko, kwa hiyo usiyaandike ovyo ovyo. Mkaguzi akiuliza jambo, GerritBot hukuletea taarifa GitHub, lakini jibu liandike Gerrit, la sivyo huenda asilione. Inachosha, ila mlango upo. Badiliko likishaingia ghala kuu, nakala hujisasisha na ombi hufungwa.

Mradi wa Linux nao una nakala GitHub, ila hauna upole huo. Mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliuweka msimbo wa Linux GitHub mwaka 2011, baada ya kernel.org, tovuti ya msimbo huo, kudukuliwa, lakini maombi ya huko hayapokelewi: viraka hutumwa kwa baruapepe kwa wasimamizi wa sehemu husika.