Kabla Hujaongeza RAM

Wiki tatu kabla ya kukabidhi projekti ya mwaka wa mwisho, laptopu yangu ilikuwa inakesha kuliko mimi. Nilitaka kitu rahisi tu: uandike neno, tuseme "korosho", programu ikuoneshe kila hotuba ya bungeni lilimotajwa. Hansard zipo mtandaoni kwa PDF, na Bunge lenyewe tunalo hapa hapa Dodoma. Kilichonishinda ni kutengeneza faharasa. Usiku mzima, asubuhi haijafika hata nusu. Nikaanza kulipigia bumu hesabu: RAM mjini bei gani?

Faharasa ya kompyuta ni kama ile ya nyuma ya kitabu: neno, halafu mahali lilipo. Programu inasoma hotuba, inatenganisha maneno, inaandika. Kazi yenyewe si nzito kiasi hicho. Mwenzangu niliyemwita anisaidie aliuliza swali moja tu: "Umepima muda unaishia wapi?" Sikuwa nimepima. Tukapima hatua moja moja.

Muda ulikuwa unaliwa na kuhifadhi. Natumia SQLite, na kila hotuba niliiingiza kwa muamala wake peke yake. Kila muamala ukifungwa, programu inasubiri diski ithibitishe kwamba imeandika kweli. Kwa diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, hapo unapata kama miamala 60 tu kwa sekunde, wakati SQLite hiyo hiyo inaweza kuingiza rekodi 50,000 au zaidi kwa sekunde zikiwa ndani ya muamala mmoja. Ni kama kutoa zabibu shambani kwenda sokoni kishada kimoja kimoja: kinachokumaliza ni safari, si mzigo.

Kwa hiyo: BEGIN, ingiza hotuba 5,000, COMMIT, rudia. Umeme ukikatika katikati, unapoteza fungu lile moja tu. Wapo watakaokwambia uweke "synchronous=OFF" ili iende fasta zaidi. Inaenda kweli, ila umeme ukikatika database nzima inaweza kuharibika. Kwa laptopu ambayo betri yake imekufa kama yangu, mimi simo.

Halafu kuna uzembe wangu mwingine: kila nikijaribu upya, programu ilikuwa inachambua PDF zote tangu mwanzo. Toa maandishi mara moja, yahifadhi kwenye faili za kawaida, kisha tengenezea faharasa humo.

Baada ya hapo niliiwasha, nikashuka kununua chipsi mayai. Kurudi, imeshamaliza. RAM sikununua.