Kimeza cha Kale Kando ya Kitanda: Mti Wake, Mwenyewe na Adabu Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wapenzi, na hasa mama zetu na dada zetu: kila msimu wa harusi unapokaribia sisi huletewa maswali ya posa, ya mahari na ya karamu. Safari hii tumeletewa swali dogo zaidi. Mama mmoja anayemtengenezea bintiye chumba ametuuliza kama pana ubaya kununua kimeza cha mbao cha zamani, kilichokwisha kutumiwa na watu wengine, akakiweka kando ya kitanda cha maarusi. Swali laonekana jepesi, lakini tulipolifungua tuliona kwamba ndani yake mna mambo ya biashara, ya tohara, ya mirathi na ya adabu za kulala. Kwa hivyo tumeona tulijibu hapa ili tufaidike sote.

Jibu fupi ni kuwa hapana ubaya, na huenda pakawa na kheri. Vimeza vingi vipya vya madukani ni vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi ya rangi juu yake. Katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu, maji kidogo yakimwagika ubao ule hufura kama mkate uliochovywa katika chai, na bawaba zikachomoka. Kimeza cha mti mzima kilichodumu miaka 50 chaweza kudumu mingine 50, inshaallah. Tena si israfu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.), Mtume (S.A.W.) alihesabu matandiko ya mume, ya mke na ya mgeni, kisha la nne akalinasibisha na shetani. Mafunzo yake ni kwamba chumba hupambwa kwa haja, si kwa fahari.

Wazee wetu hawakukihitaji sana chombo hiki. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kuta za ndani zilijengwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa, na humo viliwekwa vyombo vya thamani. Nguo na dhahabu zilikaa kashani. Leo kuta zetu ni tupu, na mtu hana pa kuweka miwani yake wala tasbihi yake. Basi kimeza kimeshika mahali pa kidaka.

MTI WENYEWE

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika samani za kale, kibaya hujitembeza kwa vanishi. Wapo wauzaji wanaopaka mti mpya rangi nyeusi wakaupiga mikwaruzo uonekane mkongwe, na wapo wanaofunika uozo kwa kung'arisha. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani na vidole vikapata umajimaji. Mwenye mali akasema kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu wapate kuiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Kisa hiki ni onyo kwa muuzaji, lakini mnunuzi naye hujifunza kutia mkono ndani.

Kwa hivyo usitazame uso wa kimeza peke yake. Mchomoe mtoto wa meza umpindue, kwani chini yake na mgongoni mwa kimeza ndiko vanishi isikofika, na huko mti husema kweli. Msaji, mvule na mbambakofi ni mizito, na kimeza kilichotengenezwa kwa mti huo utakijua pindi utakapokiinua. Msaji una mafuta yake ya asili yanayoufanya usipendwe na mchwa. Angalia pembe za mtoto wa meza: fundi wa zamani aliziunga kwa meno yaliyoshikana kama vidole vya mikono miwili, na kwa kuwa aliyakata kwa mkono, hayalingani sawasawa. Ukikuta vipini vya chuma vya mashine vimeshikilia kila pembe, basi kimeza hicho ni cha juzi au kimekarabatiwa juzi.

Kisha tafuta fukusi. Matundu madogo mfano wa kichwa cha pini si lazima yawe hatari, kwa sababu huenda wadudu walikwisha toka zamani. Kiweke kimeza juu ya kitambaa cheupe uugonge mti kwa kiganja. Ukiona unga mwembamba mpya umeanguka, fukusi yungali hai ndani. Hata usipoona kitu, kiache juma moja kivulini juu ya kitambaa hicho kabla ya kukiingiza chumbani, maana fukusi hahesabu mpaka wa kimeza na kitanda. Kimeza kilichopakwa rangi ya zamani kisipigwe msasa kikavu ndani ya nyumba yenye watoto, kwani rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Mpe fundi akifanye nje.

Mtoto wa meza akikwama, sugua kingo zake kwa kipande cha mshumaa. Harufu ya ukale huondoka kwa kuweka makaa makavu ndani siku kadhaa, kisha ukafukiza udi. Urefu wake nao upimwe: uso wa kimeza uwe sawa na godoro au chini yake kidogo, ili mzee au mja mzito asiunyanyue mkono gizani.

TOHARA YAKE

Mama yetu aliuliza pia kama kitu cha watu wasiojulikana huwa ni tohara. Asili ya vitu ni tohara mpaka ijulikane kinyume chake, na shaka haiiondoi yakini. Hata hivyo yafaa kujua jambo moja. Huko Ulaya, vimeza vingi vya kale vyenye mlango mdogo chini vilitengenezwa ili kuficha chombo cha kwendea haja usiku. Ukijua kwa hakika kuwa kimeza chako kilipatwa na najisi, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kupangusa hakutoshi: kioshwe kwa maji mpaka iondoke dhati ya najisi pamoja na athari zake, kisha kikauke vizuri. Usipojua kitu, usijitie wasiwasi.

MWENYEWE NI NANI?

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi, maana tunasimulia kwa haya lililotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukimwoza binti yetu, tulionyeshwa kikabati cha msaji katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Kilikuwa na mlango mmoja na mtoto wa meza mmoja. Bei yake ilikuwa ya chini mno. Tulitazama mti, tukagonga, tukaridhika, tukalipa, na hamali akakibeba kwa mkokoteni.

Siku wanawake walipokuja kutazama chumba cha bibi harusi, mama wa watoto wetu alimwona bibi mmoja mtu mzima amesimama mbele ya kikabati kile. Mtoto wa meza yule alikuwa na tabia yake: hakufunguka ila kwa kuinuliwa kidogo upande wa kushoto, na sisi wenyewe tulikuwa tumehangaika naye siku mbili. Bibi yule, bila kuambiwa na mtu, alimwinua kushoto akamfungua. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba humo ndimo mama yake alimokuwa akiweka tasbihi, na kwamba hakujua kama kimeuzwa.

Tulipouliza tuliambiwa kuwa marehemu aliacha mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu, wala hapakuwa na mrithi mwingine. Kaka alikuwa ameuza vyombo bila kuwaambia dada zake, na alipoulizwa alijibu kwamba ni vitu vidogo tu vya ndani. Aya ya 7 ya Sura ya An-Nisaa imewapa wanaume fungu na wanawake fungu katika yaliyoachwa na wazazi, na ikataja wazi kwamba hukumu hiyo ni katika kidogo na katika kingi. Mirathi ile, baada ya kulipwa deni na kutolewa wasia, ilikuwa ya kugawanywa mafungu 5: mawili ya kaka, na moja moja kwa kila dada. Basi katika kila shilingi 5 tulizotoa, 3 zilikuwa ni za watu ambao hawakuulizwa. Nasi tuliokuwa tukiwafundisha vijana hesabu hiyo ubaoni hatukumuuliza muuzaji hata neno moja. Bei ya chini ilitufumba mdomo.

Tulikirudisha kikabati. Dada wawili walikuwa radhi kiuzwe ili wapate haki yao, lakini yule mkubwa alikitaka chenyewe, kwa kuwa kilikuwa na harufu ya mama yake. Wakakaa wakasikizana: akakichukua kwa kuhesabiwa thamani yake katika fungu lake, na kaka akawapa wenziwe wawili kilicho chao. Fedha zetu zilirudi kidogo kidogo kwa miezi mingi, na binti yetu akaolewa na kimeza cha mwembe kisicho na pambo. Yupo nacho hadi leo.

Kwa hivyo, mama yetu, kabla ya kuuliza bei uliza haya: Kimeza hiki kilikuwa cha nani? Kama mwenyewe amefariki, je, mirathi imegawanywa? Wanawake wa nyumba hiyo wanajua kwamba kinauzwa, na wameridhia? Je, kuna yatima miongoni mwa warithi? Fungu la mtoto mdogo halisamehewi na mtu mwingine kwa niaba yake, na aya ya 10 ya sura hiyohiyo ina onyo zito juu ya mali ya yatima. Muuzaji mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, jibu umekwisha kulipata. Na nyinyi dada zetu mliofiwa na wazazi, msione haya kuuliza vilikokwenda vyombo vya mama yenu. Kuuliza haki si kuvunja udugu.

ADABU ZA KUKITUMIA

Ukishakipata kwa halali, kiheshimu kwa kile utakachokiweka. Msahafu uwekwe juu, upande wa kichwani, wala usiwekewe kikombe, dawa wala simu juu yake. Na kama kimeza kimejaa, bora uupatie rafu yake. Glasi ya maji ya usiku ifunikwe, na taa au mshumaa uzimwe kabla ya kulala, kwani yote mawili yamo katika wasia wa Mtume (S.A.W.) aliopokea Jabir (R.A.). Simu inayochajiwa usiku kucha juu ya mbao kavu karibu na chandarua nayo ni moto wa zama zetu. Weka hapo kitambaa safi cha kukung'utia tandiko kabla ya kulala, kwani kufanya hivyo ni suna. Tia udhu, lala kwa ubavu wa kulia, na nyiradi zako ziwe karibu na mkono.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za maarusi wetu ziwe za utulivu na mapenzi, atukinge na kulalia haki ya mtu, na awarehemu wazazi wetu waliotutangulia. Wallahu aalam.