Nani aliua Kapteni Alex? Filamu ya kuchekesha inayotugawa

Hapa Kirotshe, kuko filamu moja ya Uganda inayopita kutoka telefone moja hadi ingine. Jina lake ni Who Killed Captain Alex?, maana yake «Nani aliua Kapteni Alex?» Wengine wanacheka mpaka machozi, wengine wanasimama na kutoka. Sisi wa sendika ya wachimbaji hatuandikage juu ya sinema, lakini ubishi huu umefika mpaka katika mikutano yetu.

Hadithi ni fupi. Jeshi linamtuma Kapteni Alex Kampala kumaliza genge la Tiger Mafia. Makomando wake wanavamia genge kule Kawempe, katikati ya biashara ya madawa ya kulevya, na ndugu ya mkubwa wa genge anakamatwa. Mkubwa anataka kulipiza kisasi, lakini Kapteni anakutwa amekwisha kufa. Ndugu yake Bruce U, mtu wa kung-fu, anaanza kutafuta muuaji. Wakati wote VJ Emmie anasema juu ya picha, anatania na kupiga kelele sawa mshabiki wa mpira.

Aliyeitengeneza ni Nabwana I.G.G., mwaka 2010, katika kartie maskini ya Wakaliga, Kampala. Mbele alikuwa anafyatua matofali. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipande vya zamani, na silaha za filamu zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Inasemekana gharama yote haikufika dola 200.

Sasa ubishi. Wale waliokimbia vita na kulala chini ya shitingi wanauliza: mtoto aliyesikia bomu za kweli upande wa Sake, unamwonyesha elikopta inalipuka ili acheke nini? Vijana wa mashimo wanajibu kwamba mtu anayeogopa kila siku ana haki ya kucheka hata siku moja. Nao wamama wana neno lao: filamu hii inaangaliwa pamoja na bangi na kanyanga.

Tunaona vijana wana haki ya kucheka. Katika filamu hii hakuna tajiri anayetucheka kutoka mbali. Ni maskini wa Wakaliga wanaojichekesha. Lakini juu ya bangi, wamama wana haki zaidi. Ndani ya filamu, mtu anaanguka, kisha anasimama kwa filamu ingine. Anayeshuka shimoni akiwa amevuta haogopi kitu, njo maana haoni udongo unaanza kupasuka. Hapo hakuna kurudia picha.

Kuko na jambo lingine linalotuhusu, ni namna filamu ilivyouzwa. Waigizaji wenyewe walitembeza DVD mlango kwa mlango, kwa bei ndogo, wakikimbizana na wezi wa kopi, na sehemu ya pesa ilibaki kwao. Lakini Nabwana alifuta picha za asili ili kupata nafasi ya kazi zingine kwenye mashine yake. Ilibaki ile ya DVD tu, yenye picha hafifu. Mwaka 2019, American Genre Film Archive ya Marekani ikaitoa kwa Blu-ray, pamoja na Bad Black, filamu yake ya 2016.

Njia hiyo tunaijua. Koltan ya Rubaya inatoka kwa mifuko, inarudi ndani ya telefone, na bei imepangwa na wengine. Tofauti ni kwamba jina la Wakaliwood lilibaki juu ya filamu. Juu ya mfuko wa koltan, jina la mchimbaji haliko.

Kwa hiyo tunaomba wenye salon za video: watoto wasiingizwe, na bangi isivutwe ndani. Na ninyi vijana wenye telefone, mkitengeneza filamu zenu, wekeni kopi mbili, na muandike mgawanyo wa pesa mbele ya kuuza, si nyuma.

Filamu inaisha bila kusema nani aliua Kapteni Alex. Watu wa Kampala wanaweza kucheka juu ya hilo. Hapa Masisi, kuko familia nyingi zinazouliza swali lilelile juu ya mtu wao, na hazijajibiwa. Anayetoka salon bila kucheka, tusimwite mtu asiyeelewa mchezo.