Mtihani wa Serikali Huanza Mwezi wa Tisa

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, barabara za miji yetu, tangu Bukavu mpaka Lubumbashi, hugeuka nyeupe. Vijana waliofaulu humwagiwa poda kichwani na mabegani, mama zao hupiga vigelegele, nazo pikipiki hupiga honi hata usiku. Ni furaha ya haki. Lakini katika kila mtaa ipo nyumba moja au mbili ambazo mlango wake umefungwa, na ndani yake kijana amekaa, uso mikononi. Wazazi wapenzi, tunaandika leo kwa ajili ya nyumba hizo.

Mtihani huu, ambao vijana huuita egzeta, ulianzishwa mwaka wa 1967. Maulizo yake hutungwa kwa nchi nzima, hata mtoto wa Kinshasa na mtoto wa milima ya Kabare hupimwa kwa kipimo kimoja. Insha ya Kifaransa huandikwa mbele, wiki kadhaa kabla. Kisha zinakuja siku nne: elimu ya jumla, pamoja na historia, jiografia na uraia, sayansi, lugha, na masomo ya tawi alilochagua mwanafunzi, iwe pedagojia, biashara ama jingine. Siku nne kwa mambo ya miaka mingi!

Kanisa linaye mtakatifu ambaye wanafunzi humwomba wakati wa mitihani: Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, Mfransisko wa Italia, aliyezaliwa mwaka wa 1603 na kufa mwaka wa 1663. Masomo yalimshinda sana. Inasimuliwa kwamba alipotaka ushemasi, katika Injili yote ulikuwapo mstari mmoja tu aliouweza kuueleza vizuri; na tazama, askofu alifungua kitabu, akamwuliza mstari huo huo. Wanafunzi hupenda habari hiyo, nami naogopa kidogo sababu wanayoipendea. Yosefu hakufunga vitabu vyake akingoja muujiza. Alijitahidi katika udhaifu wake mpaka ule mstari mmoja ukakaa moyoni mwake. Tena angalieni kalenda: sikukuu yake ni tarehe 18 ya mwezi wa tisa, siku chache baada ya shule zetu kufunguliwa. Tungefanya vema kumwomba siku hiyo, wala si mwezi wa sita tu, mishumaa ikiwashwa haraka haraka.

Kosa kubwa la watahiniwa wetu si uvivu. Wengi husoma sana, lakini husoma vibaya. Hukaa na daftari magotini, hulirudia toka mwanzo hata mwisho mara tatu, mara nne. Na macho yakiisha kuzoea maneno, hudhani akili nayo imeyashika. Mwaka wa 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza majaribio yao juu ya jambo hili. Wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Lakini baada ya juma moja, wale waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka wenyewe waliwashinda.

Chukueni hesabu hii: x² − 5x + 6 = 0. Kijana ameona mwalimu akiifanya ubaoni, anasema ameelewa. Mpe kalamu, funga daftari. Akijibu 2 na 3, vema. Akikosea alama, atapata −2 na −3. Hapo ndipo hatari ya egzeta inapoonekana, kwa maana maulizo yake huja pamoja na majibu kadhaa ya kuchagua, na mtunzi hodari huweka jibu la kosa kati ya hayo. Kijana ataliona pale, atafurahi, atalichagua. Kwa hiyo maulizo ya miaka iliyopita, ambayo wanafunzi huyaita itemu, yafanywe kwa kalamu na karatasi, moja moja, na kila kosa litafutiwe sababu yake. Kukariri kwamba jibu lilikuwa la tatu hakufai kitu.

Katika lugha mitego ni mingine. Neno la Kiingereza "library" si "librairie" ya Wafaransa: la kwanza ni maktaba, la pili ni duka la vitabu. Maneno ya namna hiyo yaandikwe katika daftari dogo la pekee. Na insha hujulikana kwa kuandika: moja kila juma, nayo isahihishwe na mwalimu.

Kila mwaka, siku zikikaribia, hupita watu wenye kunong'ona kwamba wanayo majibu, walipwe tu. Siku hizi majibu hayo hutembea katika simu usiku kucha, na baba anauza mbuzi ili mwanawe ayapate. Maulizo hutolewa katika seria mbalimbali, ili jirani asinakili kwa jirani. Basi hayo majibu ya kununua ni ya seria gani? Mara nyingi ni uongo mtupu. Na hata yakiwa ya kweli, kijana akipata kwa njia hiyo diploma ya uuguzi, ni mtoto wa nani atakayepimiwa dawa naye?

Ninalo neno pia juu ya binti zetu. Kaka yake akiwa mtahiniwa, nyumba yote hunyamaza. Akiwa yeye, anateka maji, anapika, anaogesha wadogo, na saa tatu ya usiku ndipo anapofungua kitabu, umeme umekatika, macho yamechoka. Halafu akianguka tunasema hana akili. Apewe saa mbili kila jioni, kuanzia mwezi wa tisa, na kazi zake zigawanywe kwa wavulana pia. Hakuna mkono wa mvulana uliovunjika kwa kuosha sahani. Tena wote wawili walale. Kahawa ya usiku kucha haisaidii, kwa sababu ni katika usingizi kumbukumbu za mchana hukazika.

Mama mmoja ataniuliza: "Mimi sikusoma, Kifaransa sikijui, nitamsaidiaje?" Mama, mwite karibu na jiko, mwambie afunge daftari na akueleze kwa Kiswahili alichojifunza leo: damu huzungukaje mwilini, kwa nini mvua hunyesha milimani kwanza. Msikilize na kumwuliza kama mtu asiyejua. Pale anapokwama na kuanza kutafuta maneno, pale mwambie afungue daftari tena.