Kutaja Vyanzo katika Insha: Mifano kutoka Ugalla na Mpanda

Mwanafunzi anayeandika juu ya historia ya Ugalla hukutana mapema na tatizo la majina. Chanzo kimoja huandika Ugalla, kingine Ugala. Kimoja huiweka Mpanda katika Mkoa wa Tabora, kingine Rukwa, cha tatu Katavi. Hakuna kilichokosea: Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na Katavi ukamegwa humo mwaka 2012. Kwa hiyo tanbihi isiyo na mwaka humwacha msomaji gizani. Mwandishi, jina la kitabu, mahali, mchapishaji, mwaka na ukurasa havina budi kuwapo; hayo sitayarefusha, maana makosa makubwa hayamo katika nukta na mkato.

Lililo gumu zaidi ni kujua nani anayesema. Tuchukue kitabu cha Liisa Malkki, Purity and Exile, cha mwaka 1995, juu ya Wahutu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakiwamo waliokaa katika makazi ya Mishamo, wilayani Mpanda. Ndani yake mna masimulizi marefu ya wakimbizi wenyewe, pamoja na uchambuzi wa mwandishi. Mwanafunzi akinukuu maneno ya mkimbizi kisha akaandika «Malkki asema», amembebesha mtafiti ushuhuda usio wake. Malkki alichunguza jinsi jamii inavyoisimulia historia yake. Hakujifanya shahidi wa matukio. Na iandikwe hivi: mkimbizi wa Mishamo, kama alivyonukuliwa na Malkki, kisha ukurasa. Wala kitabu hicho kisitumiwe kuwaita watu hao wote wakimbizi hadi leo, kwani mwaka 2014 wengi wao walipewa uraia wa Tanzania.

Vivyo hivyo Livingstone, aliyepita pande hizo mwaka 1872. Shajara zake za mwisho zilichapishwa mwaka 1874 zikiwa zimehaririwa na Horace Waller. Anayezitumia amtaje Waller pia.

Kwa hesabu ya Katekisimo Ndogo, kunakili bila kutaja ni jambo la amri ya saba. Kutaja kitabu ambacho hukukifungua, ulichokiona tu katika tanbihi ya mwingine, ni la amri ya nane, na kwa maoni yangu ndilo lililozagaa zaidi.

Mzee aliyehojiwa kijijini naye ni chanzo. Ataje mwandishi jina lake, akiridhia, kijiji, tarehe, lugha iliyotumika na aliyefasiri. Asiporidhia, iandikwe «mzee wa Ugalla» pamoja na tarehe, na daftari la mahojiano litunzwe mahali pa siri.