Majina ya Wanaume katika Nchi ya Rufiji na Maana Yake

Katika nchi ya Rufiji, toka Mbwara na Kibiti hata vijiji vya delta penye mikoko, majina ya wanaume hayana budi kurudiarudia: Juma, Hamisi, Shabani, Ramadhani, Mashaka. Kwa kuwa wenyeji wengi ni Waislamu, mgeni hudhani ya kuwa hayo yote ni majina ya dini. Sivyo. Mengi ni kumbukumbu ya siku au mwezi wa kuzaliwa, na mengine ni kumbukumbu ya mambo yaliyowapata wazazi.

Kwanza, majina ya siku. Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, Hamisi ni wa Alhamisi, na Jumanne jina lake ladhihirisha lenyewe. Hapa pana hesabu mbili. Waswahili huanza kuhesabu siku Jumamosi, ndipo Jumatano huwa ya tano. Waarabu huanza Jumapili, na kwao ya tano ni Alhamisi, maana ndiyo asili ya neno hilo. Basi Jumanne na Hamisi, mmoja wa nne na mmoja wa tano, wameachana kwa siku mbili.

Pili, majina ya miezi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni mwezi wa saba, wa nane na wa tisa wa mwaka wa Kiislamu. Haji huzaliwa mwezi wa kuhiji, Maulidi katika mfunguo sita, na Idi siku ya sikukuu. Lakini mwaka wa mwezi hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kwa muda wa miaka 33 hivi kila mwezi huzunguka majira yote. Kwa hiyo Ramadhani mmoja alizaliwa wakati wa mvua, na mwingine wakati wa kiangazi. Aitwaye Masika tu ndiye ambaye jina lake lataja majira.

Tatu, majina ya taabu: Mashaka, Shida, Tabu. Hayamtabirii mtoto mabaya; yasimulia hali ya wazazi alipozaliwa, kama vile Vita, aliyezaliwa wakati wa mapigano.

Nne, majina ambayo katika karne ya 19 watumwa wengi walipewa na mabwana zao: Mabruki, yaani aliyebarikiwa, Farjala, yaani faraja ya Mungu, Uledi, litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya mtoto wa kiume. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton, Speke na Stanley, alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni. Jina Mubarak si la Kiyao. Lakini waungwana nao huwaombea watoto wao baraka kwa majina ya namna hiyo. Utumwa uliondolewa na sheria katika Tanganyika mwaka 1922, na mtu asisomewe nasaba kwa jina lake tu. Wengi wametukanwa hivyo pasipo haki.

Tena lipo jambo linalovuruga yote tuliyoyataja, nalo ni urithi. Ni desturi ya pwani kumpa mjukuu jina la babu. Katika Juma bin Hamisi bin Juma, yule wa mwisho huenda alizaliwa Ijumaa. Mjukuu wake huenda alizaliwa Jumatatu. Mambo haya si ya kufurahisha tu. Mzee asiye na cheti anapoulizwa umri wake, barazani au mbele ya karani, wako waandikao siku kwa kulitazama jina, na kosa hilo hudumu katika daftari na kumfuata katika kila shauri.

Basi atakaye kujua maana ya jina, asimwulize mwenye kamusi kwanza, bali awaulize wazee wa nyumba: jina hili ni la siku, la tukio, au la babu? Kamusi hueleza neno. Wazee ndio wajuao kwa nini lilichaguliwa.